Jinsi ya kulinganisha tamthilia na hadithi yake fupi: mkate, fundo na ndege aliyekufa

Mwanafunzi wa Kiingereza wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au wa ISP Lubumbashi (chuo cha ualimu) akipewa kazi ya kulinganisha tamthilia na hadithi fupi ya mwandishi yuleyule, mara nyingi huanza kwa kupiga mstari katikati ya ukurasa wa kaye. Kushoto tamthilia, kulia hadithi, kisha anaorodhesha tofauti. Orodha inafika ishirini na bado hana hoja. Anajua kwamba hadithi ina gari la farasi na tamthilia haina. Maana ya jambo hilo haijui.

Hapa tunapita njia nyingine: tunafuata vitu vinavyoshikika. Kitu kikiwa jukwaani hakina budi kuonekana, kushikwa au kutajwa na mtu. Kikihamia kwenye hadithi kinaweza kuingia kichwani mwa mhusika na kukaa humo kimya. Ukijua kila kitu kimehama vipi, tofauti nyingine utazipata bila kuzitafuta.

Mfano wetu ni jozi inayofundishwa sana. Susan Glaspell, Mmarekani aliyezaliwa Davenport, Iowa, mwaka 1876, aliandika tamthilia ya onyesho moja iitwayo *Trifles*. Iliigizwa mara ya kwanza Agosti 1916 huko Provincetown, Massachusetts, na kundi la Provincetown Players, naye mwenyewe akacheza nafasi ya Mama Hale. Mwaka 1917 kisa kilekile akakitoa kama hadithi fupi, *A Jury of Her Peers*. Zote mbili ni za zamani kiasi kwamba maandishi yake ya Kiingereza yanapatikana bure kwenye intaneti. Pakua, piga fotokopi, na acha nafasi pana pembeni ya kila ukurasa, maana utaandika sana.

Kisa chenyewe: mkulima John Wright amekutwa kitandani, kanyongwa kwa kamba. Mkewe Minnie yuko jela. Wanaume watatu (sherifu, mwendesha mashtaka na jirani Hale) wanakuja nyumbani kutafuta sababu ya mauaji. Wanapekua juu vyumbani, wanapekua zizini. Wake wawili, Mama Hale na Mama Peters mke wa sherifu, wanabaki jikoni kukusanya nguo za kumpelekea Minnie, na sababu wanaipata wao: ndege wa kufugwa, kanari, aliyenyongwa shingo na kufichwa katika kisanduku cha kushonea. Wanamficha.

Kwanza, hakikisha kipi kilizaliwa mbele

Watu wamezoea kwamba hadithi hutangulia na mchezo hufuata. Hapa ni kinyume. Kwa hiyo ukiandika kwamba tamthilia "imekata" safari ya gari la farasi iliyo mwanzoni mwa hadithi, umekosea tarehe: safari hiyo haikukatwa, iliongezwa mwaka mmoja baadaye. Andika 1916 na 1917 juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, na kila kalamu inapotaka kuandika "amepunguza", inua macho uitazame.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Kisa kina asili ya kweli. Desemba 1900 mkulima John Hossack aliuawa kwa shoka karibu na Indianola, Iowa; mkewe Margaret akashtakiwa, na Glaspell, wakati huo mwandishi wa gazeti la *Des Moines Daily News*, akaripoti kesi hiyo. Habari hii inavutia, ndiyo maana inameza kazi nzima. Mwanafunzi anajaza kurasa mbili kueleza jinsi shoka lilivyogeuka kamba na jinsi watoto wa Hossack walivyotoweka. Lakini kamba ipo katika tamthilia na ipo katika hadithi, na Minnie hana mtoto katika zote mbili. Hiyo ni tofauti kati ya gazeti na Glaspell. Swali lako ni kati ya Glaspell na Glaspell. Ipe sentensi mbili, uendelee.

Pili, chora jiko

Tamthilia yote inatokea katika chumba kimoja. Kabla ya kuisoma mara ya pili, chora chumba hicho kwa kutazamwa kutoka juu: mlango wa nje, njia ya kwenda juu, jiko la kuni, meza, kabati, sinki, kiti cha kuyumba. Mkiwa kikundi, chora kwa chaki au kijiti uani. Mita nne kwa tano zinatosha, na lupango wowote una nafasi hiyo. Wekeni mawe mahali pa vyombo. Watu watano wasimame ndani ya mistari, mmoja asome maelekezo ya jukwaani kwa sauti, wengine watembee.

Jambo la kwanza litaonekana kabla mtu hajasema lolote la maana: wanaume wanaingia na kwenda moja kwa moja kwenye moto, wanawake wanaingia taratibu na kusimama karibu karibu, hapo mlangoni. Sasa hesabu kila mara wanaume wanapotoka na kurudi, na kila mara andika ni kitu gani kilikuwa mikononi mwa wanawake walipoingiliwa. Hesabu hii ndiyo uti wa mgongo wa tamthilia. Wanaume wakiwa juu, hadhira inasikia nyayo zao darini, na kila nyayo inaongeza haraka mikononi mwa wanawake.

Hapa wengi hunaswa na maelekezo ya jukwaani. Yanasomwa kama sehemu ya hadithi, wakati aliyeketi ukumbini hayasikii. Kwa hiyo kila elekezo lipe alama: linaonekana, linasikika, au ni siri ya msomaji na mwigizaji tu. Kwa mfano, tunaambiwa Mama Peters ni mwembamba mwenye uso wa wasiwasi. Hilo linategemea nani amepewa nafasi hiyo. Ukilitumia kama ushahidi, sema wazi kwamba umelisoma, hukuliona.

Jambo dogo lakini linaharibu kazi: sherifu anasema usiku uliopita baridi ilishuka chini ya sifuri. Hiyo ni sifuri ya Fahrenheit, yaani karibu −18 kwa kipimo chetu. Baridi ya Juni Lubumbashi, ile ya kutufanya tujikunyate kando ya mbabula, haifiki hata karibu. Bila kujua hivyo hutaelewa kwa nini chupa za matunda zimepasuka: moto ulizimika, kilichomo ndani kikaganda, kikatanuka, kioo kikavunjika.

Tatu, soma hadithi ukiwa na biki mbili

Bluu kwa kila kinachoweza kuonekana au kusikika. Nyekundu kwa kila kilicho kichwani mwa Mama Hale, ambaye hadithi inamwita Martha: anachokumbuka, anachoogopa, anachoona aibu nacho. Usiandike kwamba Martha ndiye anayesimulia. Msimulizi anatumia nafsi ya tatu, ila amekaa nyuma ya macho ya Martha na hatoki hapo. Mtahini hukata alama kwa kosa hili, na ana haki.

Ukimaliza utaona kitu cha ajabu: mazungumzo mengi ni yaleyale, mahali pengi karibu neno kwa neno. Mwandishi hakuandika upya vinywa vya watu. Alichoongeza ni nyekundu. Tazama sehemu tatu.

Mwanzo. Hadithi inaanza nyumbani kwa Martha, mlango wazi, upepo wa kaskazini unapiga. Ameitwa ghafla, anaacha unga nusu umechungwa, nusu bado. Mama yeyote anayejua aibu ya kutoka na kuacha bukari haijasongwa anaelewa. Baadaye, jikoni kwa Minnie, anakuta ndoo ya sukari wazi na mfuko wa karatasi kando yake umebaki nusu: kuna mtu alikuwa anamimina, akakatizwa. Mawazo ya Martha yanarudi kwenye unga wake. Tamthilia haiwezi kufanya hivyo kwa sababu haitoki jikoni kwa Minnie hata dakika moja.

Kizingiti. Mkono wa Martha uko tayari kwenye kitasa, naye anahisi hawezi kuvuka, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kuja kumtazama Minnie. Katika tamthilia hatia hiyo inabidi aiseme mbele ya mwenzake, na kuisema kunachukua muda kufika. Katika hadithi msomaji anaijua kabla mlango haujafunguliwa. Andika ukurasa ambapo hatia inajulikana katika kila toleo, kisha ugawe kwa jumla ya kurasa. Tarakimu hizo mbili ni ushahidi mzuri kuliko kusema hadithi "ina undani zaidi", maneno ambayo hayabebi kitu.

Ushahidi wa Bwana Hale. Jukwaani anaeleza alivyomkuta Minnie kwenye kiti cha kuyumba akikunja-kunja aproni yake, na sisi tunamsikiliza yeye. Kwenye hadithi tunamsikiliza tukiwa ndani ya wasiwasi wa mkewe, anayejua mumewe huchanganya mambo anaposimulia na anaogopa asije akamwongezea Minnie matatizo. Maneno karibu yaleyale, lakini msikilizaji amebadilika.

Nne, jedwali la vitu

Sasa rudi kwenye kaye. Safu ya kwanza iwe jina la kitu. Ya pili, nani anakiona kwanza. Ya tatu, mikono ya nani inakigusa. Ya nne, wanaume wanasema nini juu yake. Ya tano, kama msomaji wa hadithi anakijua kabla au baada ya mtazamaji. Vitu vinane vinatosha: mkate, meza iliyofutwa nusu, taulo, chupa za matunda, blanketi la viraka, tundu la ndege, kisanduku, mfuko wa koti. Ukiongeza zaidi utaanza kuhesabu masufuria.

Safu ya nne ndiyo itakayokupa kicheko na hoja kwa pamoja. Chupa za matunda, yaani konfitire ya Minnie, wanaume wanazicheka: mwanamke anakabiliwa na kesi ya mauaji na anahangaikia matunda. Hapo ndipo Hale anasema wanawake wamezoea kuhangaika na vitu vidogo. Taulo chafu, mwendesha mashtaka analitumia kumhukumu Minnie kama mtunza nyumba. Kila kitu wanachokidharau kina habari waliyoijia.

Blanketi la viraka linahitaji maelezo kwa msomaji wa kwetu. Ni vipande vya vitambaa vinavyounganishwa kuwa uso wa blanketi, kisha tabaka zinashikanishwa kwa namna mbili: kwa mishono midogo uso mzima, au kwa kufunga mafundo hapa na pale, kazi ya haraka zaidi. Wanawake wanajiuliza Minnie alikusudia namna ipi. Wanaume wanaingia, wanasikia, wanacheka. Lakini mishono ya mwisho imekwenda ovyo wakati ya kwanza yote ni safi, na Mama Hale anaifumua na kuishona upya kabla mtu hajaiona. Hiyo ni mara ya kwanza ushahidi unaharibiwa, na unaharibiwa kwa sindano. Swali la fundo linarudi kwenye sentensi ya mwisho ya matoleo yote mawili: mwendesha mashtaka anauliza kwa mzaha, Mama Hale anajibu, mkono wake ukiwa juu ya mfuko wenye ndege, kwamba wao huita ile kazi kufunga fundo.

Ukiandika kwa Kiswahili, kuwa mwangalifu hapa. Fundo la blanketi na fundo la kamba shingoni mwa John Wright vinalingana vizuri katika lugha yetu. Tena Kiswahili kinatoa zawadi ambayo Kiingereza hakina: mtu mwenye fundo moyoni. Itaje, ila kama jambo la tafsiri. Ukiandika kwamba Glaspell alikusudia kinyongo cha Minnie kwa neno hilo, umemwekea mdomoni lugha asiyoijua.

Ndege. Kanari ana urefu wa sentimita kumi na mbili hivi. Mtu wa safu ya kumi ukumbini hawezi kuona shingo iliyopinda. Anaona nyuso mbili za wanawake na kitambaa cha hariri. Kwa hiyo jukwaani ushahidi mkubwa wa kisa chote hauonekani: unasomwa kwenye nyuso, na Mama Hale lazima apaze sauti kutaja shingo. Kwenye hadithi msomaji yuko karibu kama Martha, naye anaona anachoona Martha. Hapa ni mojawapo ya mahali pachache ambapo ningetetea kwamba tamthilia ina nguvu zaidi: mtazamaji anaamini kwa nyuso tu, kama jopo lolote linavyoamini shahidi.

Tano, usiruke majina

Kwenye tamthilia wanawake wawili wanaitwa kwa majina ya waume: Mama Hale, Mama Peters. Mwenye jina lake ni asiyekuwepo, Minnie, na Mama Hale anamkumbuka kwa jina la usichana, Minnie Foster, aliyekuwa akiimba kwaya. Hadithi inampa Mama Hale jina Martha tangu sentensi ya kwanza. Mama Peters hapewi.

"Mrs." tunaitafsiri "Mama", na tafsiri hiyo ina bei. Lubumbashi mama huitwa kwa mtoto wake. Mwana mkubwa wa Martha ni Harry, basi angekuwa Mama Harry. Mama Peters alimpoteza mtoto wa kwanza walipokuwa Dakota, na ukimya wa nyumba ya Minnie anaujua kutoka hapo. Na Minnie, asiye na mtoto, tungemwita Mama nani? Glaspell hakuuliza swali hili, kwa hiyo usilifanye hoja kuu, ila kwenye zoezi la kutafsiri litawatoa jasho, na ni vizuri liwatoe mapema.

Sita, vichwa viwili

Kichwa cha kwanza, *Trifles*, yaani *Vitu Vidogo*, kinachukua dharau ya wanaume na kuibandika mlangoni mwa ukumbi. Cha pili, *A Jury of Her Peers*, kinahitaji ueleze jopo la raia wa kawaida, desturi kumi na wawili, wanaoamua katika mahakama za Marekani kama mshtakiwa ana hatia. Kwetu mauaji yanafika mbele ya majaji, hivyo msomaji asiambiwe tu "jopo" na kuachwa hapo. Kichwa kinasema jopo la watu walio sawa naye. Mwaka 1917 mwanamke wa Iowa hakuruhusiwa kukaa katika jopo hilo. Wanawake wawili jikoni wameketi kiti wasichopewa. Kichwa cha 1916 kinataja vitu, cha 1917 kinataja hukumu. Hiyo inaweza kuwa hoja yako yote ukiwa na ushahidi wa jedwali nyuma yake.

Saba, jaribu kwa mwili

Lubumbashi ina bahati. Kundi la Mufwankolo lilizoesha mji huu mchezo wa Kiswahili usiokuwa na karatasi: waigizaji wanakubaliana kisa na mfuatano, maneno yanazaliwa mazoezini. Tumia mbinu hiyo. Chukua kurasa mbili za kwanza za hadithi, zile zenye nyekundu nyingi, na mjaribu kuziigiza kwa dakika tano bila msimulizi. Mwigizaji wa Martha ashike kitasa cha kufikirika na asiingie. Waliobaki waandike wanachodhani anafikiri. Kawaida mtapata majibu manne yasiyofanana: ameogopa, amechoka, anasikia baridi, hapendi nyumba. Hakuna atakayesema "anaona aibu kwa kutokuja miaka yote". Umepata uthibitisho wa kile ambacho jukwaa haliwezi kukibeba bila mdomo.

Kisha kinyume. Chukua kimya cha wanawake baada ya kisanduku kufunguliwa, na kila mtu aandike mistari sita ya mawazo ya Mama Peters. Mtaona haraka kwamba mnamharibu. Hadithi nayo haingii kichwani mwake. Inamwacha nje, tumsome kwa macho ya Martha hadi anapojaribu kuficha kisanduku.

Nane, andika

Kwa kazi ya kurasa nne, chagua vitu vitatu, siyo vinane. Usiandike kurasa mbili za tamthilia na mbili za hadithi. Utakuwa umefupisha mara mbili na hujalinganisha. Kila kitu kipewe aya mbili, na matoleo yote mawili yawe ndani ya kila aya. Mfano wa aya ya kwanza juu ya meza:

"Katika tamthilia, meza iliyofutwa nusu iko mbele ya hadhira tangu mwanzo, lakini inapata maana pale tu Mama Hale anaposogea kana kwamba anataka kuimalizia, kisha anasita. Katika hadithi, msomaji amekwisha kuuona unga wa Martha ulioachwa nusu nyumbani kwake, hivyo anatambua kazi iliyokatizwa mara tu anapoiona, pamoja na Martha."

Aya ya pili iseme tofauti hiyo inafanya nini kwa hukumu yetu juu ya Minnie. Neno "labda" likitokea zaidi ya mara moja humo, rudi kwenye jedwali. Kuna safu hukuijaza. Nukuu ziwe fupi, kwa Kiingereza chake, na tafsiri yako chini. Zilizotoka kwenye maelekezo ya jukwaani ziwekee alama, ili msahihishaji asidhani ni maneno ya mhusika.